Ndoo Niliyokataa Kuikalia

Nyumbani,
Jumamosi, 7 Februari

Baba, shikamoo.

Naandika mbiombio maana dereva wa lori la mafuta linalokuja huko kambini ameshapiga honi mara mbili, na Mama anasema barua isipoondoka sasa itakaa hadi Jumamosi ijayo. Habari hii haiwezi kukaa.

Nyumba imekwisha. Tuseme karibu. Milango inafunga, madirisha yanafunguka, chumba changu kinanuka rangi mpaka nasinzia na kichwa kinauma. Ila bafu la Bibi limekosewa, Baba. Choo kimewekwa kwenye kona kabisa. Ukikaa, bega la kulia linagusa vigae, na kushoto kumebaki uwanja mtupu wa kuchezea kuruka kamba. Mama aliporudi kutoka kazini jana akaenda kukagua, alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akasema, "Huyu fundi alikuwa anajenga choo au anakificha?"

Unajua Bibi hainuki kwa mbele. Tangu avunjike nyonga, hutoa nje mguu wa kulia kwanza, anashika fremu yake ya kutembelea iliyosimama upande huohuo, ndipo anajivuta. Sasa pale kuliani haisimami fremu. Hausimami hata ufagio.

Mama anasema tusimhamishe Bibi kwanza. Bado yuko kwa Shangazi, na kila siku anauliza kama vigae vimekauka.

Fundi amekosea. Sijui ilikuwaje.

Kobe wako


Kambini,
Jumanne, 10 Februari

Kobe wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya greda. Nikaizima greda, nikaisoma tena. Ningepiga simu, lakini unajua ya huku: simu ni moja, iko mezani kwa msimamizi, na ni ya misiba na mitambo tu. Choo cha mama yangu hakimo katika orodha.

Sikiliza. Katika ule mchoro, kila chumba nilikiandikia futi na inchi zake. Bafu la mama yangu peke yake niliandika maneno mawili: *Kipimo: Mama*. Sikusahau, nilikusudia. Fundi Ndoo hakupewa jina hilo bure. Anageuza ndoo ya rangi juu chini, anakukalisha, anatazama magoti yako, viwiko vyako, unavyokaa na unavyoinuka, ndipo anapiga chaki. Mimi alinikalisha tulipokarabati ile nyumba ya kupanga. Nilicheka sana, lakini sijawahi kukaa kwa raha vile tangu nizaliwe.

Kwa kuwa Mama hawezi kupanda vile vifusi vya mjengo, nilisema utakaa wewe. Mmelingana kimo kama vikombe vya seti moja, na wewe ndiye uliyempeleka mazoezini miezi minne. Unajua anavyoinuka kuliko hata daktari.

Sasa nijibu swali moja tu. Alikukalisha kwenye ndoo au hakukukalisha?

Maana kama hakukukalisha, amempimia mama yangu kwa uvivu, na mtu huyo hatanijengea tena hata banda la kuku. Nilikuwa nimempendekeza kwa msimamizi aje atujengee bafu kumi na mbili za wafanyakazi. Kazi ya miezi sita. Kesho asubuhi nakwenda kuliondoa jina lake.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Mpelekee mkononi.

Baba yako


Kambini,
Jumanne, 10 Februari

Fundi,

Salamu tutapeana siku nyingine.

Nilikukabidhi bafu moja ndani ya nyumba nzima na kukuambia: hili ndilo nyumba, mengine ni vyumba. Nimeambiwa choo kimebanwa kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama yangu ana miaka sabini na minane na nyonga moja nzima. Ulimpimia nani?

Habari za bafu za kambi sahau. Njoo urekebishe hili, na ukishamaliza tusijuane.

Mwenye nyumba


Nyumbani,
Jumamosi, 14 Februari

Baba, shikamoo.

Umeuliza kuhusu ndoo. Ndoo ilikuwepo.

Barua ya Fundi bado sijaipeleka. Wiki hii tulikuwa na majaribio, la hesabu na la sayansi, nikawa nachelewa kutoka. Iko salama ndani ya kitabu cha jiometri.

Jambo lingine ni hili. Alhamisi Bibi alikuja. Hatukumwita, alimwambia Shangazi kwamba amechoka kuonyeshwa nyumba ya mwanawe kwa mdomo. Akashushwa kwenye gari na fremu yake, akapita sebuleni bila kutazama chochote, akaenda moja kwa moja bafuni kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni wake humo. Mama akajaribu kumchelewesha.

"Mama, pumzika kwanza, unywe hata maji."

"Sitaki maji. Nataka kuona choo changu."

Alikitazama. Halafu akasema, "Kizuri. Cheupe." Akakaa na nguo zake, kujaribu tu. Kukaa alikaa, Baba. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Mguu wa kulia ulitoka ukagonga ukuta. Akajaribu wa kushoto, nyonga ikamkataza. Alijaribu mara tatu, na kila mara alitutazama kama sisi ndio ukuta. Mwisho Mama alimshika kwapa moja, Shangazi la pili, wakamnyanyua. Mimi nilikuwa nimeshika fremu kwenye korido. Sikuwa na pa kuiweka.

Bibi akajitengeneza nguo, akasema, "Nyumba nzuri. Nirudisheni."

Shangazi amesema hili nisikuandikie, lakini nakuandikia. Kwa Shangazi choo kiko nyuma ya ngazi tatu na Bibi hawezi kwenda peke yake. Lazima aite mtu, na mara nyingine anayekuwepo ni mume wa Shangazi. Kwa hiyo Bibi ameacha kunywa maji. Nusu kikombe asubuhi, basi, mpaka kesho yake. Midomo imempasuka. Daktari amemgombeza, naye amemjibu daktari kwamba ngamia hagombezwi.

Usimwambie Shangazi nimesema.

Kobe


Kambini,
Jumanne, 17 Februari

Kobe,

"Ndoo ilikuwepo" si jibu. Hata saruji ilikuwepo.

Habari ya Mama na maji imenikosesha hamu ya kula. Ningekuwa huko ningekivunja choo hicho kwa mikono. Likizo nimeomba, nimeambiwa lami haisubiri.

Jina la Fundi limeshafutwa. Nilisimama mbele ya msimamizi nikasema huyu mtu ni mzembe, nilikosea kumtaja. Alinisikiliza upesi sana, maana anaye fundi wake.

Hayo majaribio yamekwisha. Barua iliyomo kwenye jiometri ifike kwa mwenyewe.

Baba


Kwa mkono,
Jumamosi, 21 Februari

Kwa mwenye nyumba,

Salamu natoa mimi, kama wewe hutaki.

Barua yako nimeipokea kutoka kwa binti yako, aliyeitia mkononi mwangu na kukimbia kabla sijasema ahsante. Nimekwenda kutazama. Choo kiko pabaya, sina la kujitetea. Bafu zile kumi na mbili umeniondoa, ni haki yako. Mtu hupendekeza anachokiamini.

Ila hili la mama yako silali nalo. Nitavunja sakafu, nitasogeza bomba la maji taka mkono mzima kwenda kushoto, nitapiga vigae upya. Vigae vya rangi ile vimekwisha dukani, nimezunguka maduka manne. Kiraka kitaonekana. Nakuomba radhi ya kiraka kabla hujakiona.

Ombi langu ni moja. Nitafutieni mtu wa kukalia ndoo. Safari hii nisipompata, sianzi.

Mimi niliyempa mama yako kona,
Fundi Ndoo


Nyumbani,
Jumamosi, 21 Februari

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeibana pamoja na ya Fundi. Yake ilikuwa wazi, alisema tu, "Iweke na yako," kwa hiyo nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta jina langu. Hakunitaja popote. Bora angenitaja.

Nimekuandikia barua mbili na zote mbili zina uongo. Sasa naandika ya kweli, na naomba uimalize ndipo ukasirike.

Siku ya kupima ilikuwa Jumatano, nimetoka shule, bado nina sketi ya shule. Bafuni walikuwa watatu. Fundi, fundi wa vigae, na fundi wa umeme juu ya ngazi akifunga taa. Fundi alikuwa ananisubiri. Alikuwa ameshageuza ndoo, akaipangusa kwa mkono wa shati lake, akasema kwa heshima kabisa, "Karibu, binti. Leo wewe ndiye bibi yako."

Fundi wa vigae akacheka. Akasema, "Malkia, kalia kiti chako tuone unavyojikamua!" Yule wa ngazini naye akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Fundi akamwambia wa vigae, "Wewe, funga hilo bakuli lako," lakini maneno yalikuwa yameshanifikia.

Baba, unanijua. Shuleni nasoma kwa lugha mbili, na kila muhula mwalimu anaandika kwenye ripoti kwa lugha zote mbili kwamba sisemi. Jibu ninalo, nalijua, mkono haunyanyuki. Sasa nikae kwenye ndoo, mbele ya wanaume watatu, nitoe mguu, nijivute kama mtu anayetoka chooni? Niliiona ile ndoo, nikaiona sketi yangu, nikahisi masikio yanawaka moto.

Fundi alikuwa amepiga alama ya chaki ya kuanzia tu, kwenye kona, kwa kuwa ndipo bomba la nje linapoingilia. Alama ya kusogezwa. Mimi nikaionyesha kwa kidole nikiwa nimesimama, nikasema, "Hapo hapo panatosha."

Akauliza, "Na kuliani kwake je? Nimesikia ana nyonga."

Nikasema, "Anainuka vizuri tu."

Maneno matatu. Baada ya hayo sikusema mengine siku nzima ile. Akaniuliza, "Una uhakika, binti?" Nikatikisa kichwa ndiyo, nikaondoka karibu nikimbie, na nyuma yangu nikasikia chaki inakwaruza sakafu.

Kwa hiyo hakukosea Fundi. Nimekosea mimi, nikijua. Bibi amekwama pale kwa sababu mimi niliona haya kwa dakika mbili, na sasa yeye anaona haya kila siku na hanywi maji. Na Fundi amepoteza kazi ya miezi sita, na nilipompa barua yako ile alikuwa anakula, akaifuta mikono kwanza ndipo akaipokea.

Mwambie msimamizi. Tafadhali Baba, leo hiihii.

Sijui niandike nani hapa chini. Kobe angalau ana gamba lake mwenyewe. Mimi nimejificha ndani ya gamba la mtu.

Mwanao


Kambini,
Jumanne, 24 Februari

Mwanangu,

Nimemaliza kwanza, kama ulivyoomba. Halafu nimekasirika.

Nimekasirika nikazunguka kambi mara mbili. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wako. Wa pili ulikuwa wangu, maana mtoto asiyethubutu kuomba chumvi mezani nimemtuma akafanye maigizo ya chooni mbele ya mafundi, halafu nikajiona baba mwenye akili. Mama yako alikuwa anarudi saa kumi na moja. Ningeweza kusema "msubirini mama yake." Sikusema, kwa kuwa nilitaka saruji imwagwe kabla ya Ijumaa.

Lakini usipumzike hapo. Kuona haya si kosa. "Anainuka vizuri tu" ni kosa.

Nimekwenda kwa msimamizi. Nimemwambia mzembe ni mimi. Amesema sawa, amesikia, ila bafu kumi na mbili zimeshapata mtu, ameshaanza kuchimba. Nilimfuata mpaka nje ya ofisi kama mdai. Hakuna kitu. Kumbe neno baya ukilitoa linakwenda kwa miguu yake, ukilitaka lirudi linataka kubebwa.

Kwa Fundi nimeandika barua ya kuomba radhi, imo humu. Safari hii usimpe ukakimbia. Simama mpaka aisome. Na anatafuta mtu wa kukalia ndoo. Sikutumi. Nakuambia tu kwamba anatafuta.

Baba yako, aliyekupa hilo jina la Kobe bila kukuuliza


Nyumbani,
Jumamosi, 21 Machi

Baba, shikamoo.

Jumamosi tatu zimepita sijaandika. Nilijiambia sitaandika mpaka pawe na la kuandika, na kila Jumamosi lori lilipita na choo kiko vipande.

Barua yako nilimpelekea Fundi Jumamosi ya kwanza. Alikuwa bafuni kwetu na yule wa vigae. Nilisimama. Aliisoma polepole akifuata mistari kwa kidole, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Ndipo nikasema mimi. Nilisema kwa sauti, Baba, fundi wa vigae akisikia: "Fundi, nilikudanganya. Bibi hainuki vizuri. Nilijua."

Akasema, "Najua. Nilikuwepo."

Nikamuuliza kwa nini hakukuandikia hivyo.

"Ningeandika nini? Kwamba mimi, miaka thelathini kazini, nilichukua kipimo cha mtu aliyesimama? Wewe uliona haya, ni mtoto. Mimi niliona umeona haya, nikapiga chaki, kwa kuwa saruji ilikuwa inanisubiri." Akageuza ndoo. "Haya. Kipimo cha mama wa watu kiko wapi?"

Nikakaa. Nilikuwa na sketi ileile. Fundi wa vigae akafungua mdomo, Fundi hata hakumtazama, akasema, "Neno moja, na wewe utakalia." Akaufunga. Nikatoa mguu wa kulia. Nikashika fremu, maana nilikuwa nimekwenda kuiazima kwa Bibi asubuhi, na ameniambia niirudishe kabla hajataka kutembea. Nikajivuta. Fundi akapiga chaki. Nikamwambia, "Bado. Akiinuka anayumba kidogo nyuma, hapa panataka chuma cha kushikia." Akafuta, akapiga tena. Tulirudia mara tisa. Mara ya tisa masikio yalikuwa bado yanawaka, lakini nilikuwa nimeacha kuyasikiliza.

Yaliyofuata yalikuwa adhabu. Walipovunja sakafu vumbi liliingia mpaka kwenye sukari. Bomba jipya likakutana na zege la msingi, wakachonga kwa patasi siku tatu, ko, ko, ko, Mama akitoka zamu anafunga kichwa kwa kitambaa na kuuliza kama wanatafuta maji au almasi. Saruji ya kwanza ikapata ufa, ikavunjwa. Ya pili ikaambiwa ikauke siku saba, ikakauka tisa. Vigae vile kweli havikupatikana. Pale kwenye kona kuna vinne vyeusi zaidi ya wenzao, vinaonekana kuanzia mlangoni. Kila nikiviona nasikia vibaya. Na Fundi muda wote huo hakuwa na kazi nyingine. Alikuja kila asubuhi, akaondoka kila jioni, na habari ya bafu kumi na mbili hakuitaja hata siku moja. Nilikuwa natamani aitaje.

Jana Bibi alihamia.

Hakuketi sebuleni. Alikwenda bafuni na fremu yake, sisi nyuma kama msafara: Mama, Shangazi, mimi, na Fundi aliyejifanya amesahau nyundo. Bibi akatazama sakafu.

"Hivi vyeusi ni nini?"

Mama akaanza kusema habari ya vigae kwisha dukani. Nikasema, "Ni kosa langu, Bibi. Choo kilikuwa hapo kwa sababu yangu."

Akanigeukia. "Nilidhani wewe huwezi kusema," akasema. Halafu akavikanyaga vile vinne, kimoja kimoja, akasimamisha fremu juu yavyo. Ilitosha. Akageuka akatukuta wote tumesimama tunamtazama.

"Mnataka nini? Tokeni."

Tukatoka. Mlango ukafungwa. Halafu tukasikia komeo, Baba. Alilisukuma mwenyewe, taratibu, likaingia mpaka mwisho.

Tulisimama koridoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupumua. Shangazi aligeukia ukuta. Fundi alikuwa anahesabu kwa midomo tu, sijui anahesabu nini. Tukasikia fremu ikigonga sakafu kuliani, mara moja, kimya, kisha chuma cha ukutani kikalia kidogo kwa kushikwa. Maji yakashuka. Komeo likarudi.

Bibi akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaenda jikoni, akavuta kiti. Nikampelekea kikombe chake kile kidogo cha kwa Shangazi, nusu, kama kawaida yake. Akakitazama, akakisukuma pembeni.

"Glasi," akasema.

Nikajaza glasi kubwa, ile yako. Akainywa yote bila kuishusha, maji mengine yakamtiririka kidevuni. Akaipangusa midomo kwa kiganja, akaniinulia glasi.

"Jaza tena."

Mwanao,
Kobe (nimeamua kubaki nalo)